Remigius na Fungu la Mikoko

Kristina alikuwa akipima watoto kwenye zahanati ya Kibiti, kichanga kikining'inia kwenye mizani, Mashaka alipoingia bila hodi. Miguu yake ilikuwa na tope jeusi la mikoko hadi magotini. Mashaka ndiye aliyekuwa akimvusha mume wa Kristina kwa mtumbwi kwenda Salale na kurudi, na hakuwahi kufika zahanati hata alipougua mwenyewe.

"Mama Imani, mshushe mtoto kwanza," alisema.

Alimshusha, akamkabidhi mama yake, akaandika uzito, akafunika kalamu. Ndipo akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko njiani. Tumemlaza kwenye mashua, Zamda yuko naye. Mimi nimetangulia na gari la samaki." Akaongeza, "Alikuwa anapanda. Aliinama kuchomeka mche, hakuinuka tena."

Hivyo ndivyo Mungu alivyomwita Remigius Ndunguru, mzaliwa wa Mbinga, mwezi wa Ramadhani, maji yakiwa yamekupwa.

Alifika Rufiji akiwa bwana misitu wa serikali, kazi yake kuwafukuza watu waliokata mikoko. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Wenzake wa bara walifunga mizigo wakarudi makwao. Yeye alibaki. Alimwambia mkewe kwamba amechoka kufukuza watu, sasa anataka kupanda nao. Kristina alikuwa amechoka pia, maana kuanzia siku ile nyumba ilikula mshahara wa zahanati peke yake, lakini hakubisha. Alisali rozari yake akalala.

Huko Salale watu wa zamani walifyeka mikoko wakalima mpunga. Mashamba yale yalichoka, yakaachwa, yakabaki tope tupu lisilo na mti wala samaki. Remigius alianza na shamba moja, pamoja na Zamda, mjane aliyekuwa akiuza kuni za mikoko, na wanawake wenzake. Serikali haikuwa na fedha. Wafadhili walikuja wakapiga picha, hawakurudi. Ikambidi aende kwa Tamimu, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kamba Salale na kuwapeleka Dar es Salaam kwenye barafu.

"Bwana Miti," Tamimu alimwambia, "mimi si kanisa wala msikiti. Mti wako unaniingizia nini?"

"Kamba unaowanunua wanakulia kwenye mizizi yake."

"Wanakulia bure. Leo nianze kuwalipia karo?"

Remigius alirudi nyumbani jioni ile akakaa na sahani ya ugali mbele yake mpaka ukapoa. Baadaye kikundi kikatundika mizinga ya nyuki kwenye mikoko iliyosimama, na pembeni mwa miche kikajenga vizimba vya fito. Walinunua kaa waliokonda kwa wavuvi, wakawanenepesha humo, wakawauzia wenye hoteli za mjini. Fedha ikaanza kuonekana. Tamimu alipoona hivyo akalegea, akatoa sharti lake. Mapato ya msimu mzima ya asali na kaa yawekwe kando, yasiliwe. Akija baada ya Idi akalikuta fungu zima, atajua msitu unajilipia na wenyewe wanaweza kutunza fedha, hapo naye atatia mtaji wake kwenye mashamba mengine manne, apate sehemu yake ya kaa. Likiguswa, hakuna mapatano.

Fungu likawekwa kwa Zamda, ndani ya sanduku la nguo. Wanawake wale walipitisha miezi ya njaa wakilitazama tu.

Maiti ilifika Kibiti wakati wa magharibi, ikalazwa kwenye chumba cha misheni. Asubuhi yake akaja Gasper, mdogo wa marehemu, aliyekuwa kibarua bandarini Dar es Salaam. Hakukaa hata kitini.

"Shemeji, kwetu mtu hazikwi ugenini. Mama yu hai. Atauliza kaburi liko wapi, nimjibu nini?"

Kristina alijua. Alikuwa amemwahidi mama mkwe kwamba mwanawe atarudi, mzima au mfu. Lakini gari la kukodi hadi Mbinga, sanduku, na dawa ya kuhifadhi maiti kwa joto lile, hawakuwa navyo, hata wangeunganisha mshahara wake na ujira wa Gasper.

Zamda, aliyekuwa mkekani na wanawake wa Salale, alifungua pindo la kanga akatoa furushi. Wote walilitambua.

"Mpelekeni kwa mama yake," alisema. "Tumekubaliana wote kwenye mashua. Hela ya mikoko itatafutwa tena."

"Mwacheni hapahapa," Mashaka akadakia kutoka mlangoni. Siku zote alijiita mtani wa Remigius. "Huko mlimani kwao kuna baridi, na kaa hawana. Tena huyu mjanja, kakimbia kazi ya bamvua, maji yanapokupwa sana."

Gasper alimkodolea macho, kisha akacheka bila kutaka, na machozi yakamtoka.

Kristina alilichukua lile furushi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilishika kwa muda, na kweli alitaka kulifungua.

"Idi lini, Zamda?"

"Wiki ijayo, mwezi ukiandama."

"Basi lirudishe sandukuni."

"Mama Imani, mtu si bora kuliko kaa?"

"Ni bora. Lakini amewaomba msimu mzima msilile. Mimi mkewe ndiye nije nilile?"

Gasper alitoka nje, akakaa huko kitambo, akarudi. "Mama hatanisamehe upesi," alisema.

"Mwambie ni mimi niliyekataa."

Gasper akauliza majembe yako wapi.

Tamimu alifika baada ya Idi, akalikuta fungu, akatia mtaji kwenye mashamba mawili, si manne kama alivyosema. Hayo ni ya baadaye.

Remigius alizikwa siku ileile alasiri, kwenye makaburi ya misheni. Padre alikuwa amekwenda kigango cha Mtawanya, kwa hiyo katekista aliongoza sala. Wanaume wa Salale waliokuja na maiti walichimba na kufukia kwa zamu, midomo imewakauka kwa saumu. Wanawake wao walisimama nje ya uzio, maana kwao mwanamke haendi kaburini. Gasper alitupa udongo mara mbili, wake na wa mama yake. Kristina akatupa wake, akasali Baba Yetu na wenzake. Mashaka alisawazisha kifusi kwa jembe, msalaba wa mti ukachomekwa, na watu wakaondoka wachache wachache, kwani muda wa kufuturu ulikuwa umekaribia.