Kabati Jeupe la Karine

Lenore Pruett alikuwa na tabia ya kupitisha kiganja chini ya meza za watu. Alifanya hivyo kwenye harusi, kwenye matanga, hata nyumbani kwa daktari wa meno aliyemwajiri, huku akiendelea kuongea kana kwamba mkono ule si wake. Alikuwa akitafuta chapa ya moto, alama ambayo fundi wa zamani aliichoma kwenye kazi yake. Akiipata, hunyamaza kidogo. Asipoipata, mazungumzo humnogea zaidi, maana mwenye meza hana cha kuonewa wivu.

Mwaka ule wa 1996 alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili ya mwisho alikuwa ameipitisha Pasadena akikwangua ukoga kwenye meno ya watu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na fenicha: viti vya mwaloni vyenye mikono mipana, kabati za vitabu, taa za shaba, zote zenye umri wa miaka kama tisini, zote zimebanana katika nyumba ya kupanga ghorofani, hata kufika kitandani alipita upande upande kama kaa. Fenicha ile ilikuwa ikingojea nyumba yake.

Na nyumba zenyewe zilikuwa nje ya dirisha. Pasadena imejaa nyumba hizo za mafundi, za chini, za mbao, zilizojengwa na watu walioamini kwamba mkono wa seremala una heshima ambayo mashine haina. Paa limeshushwa kama kofia iliyovutwa machoni, mbele kuna baraza pana, na ndani kuta zimevikwa mbao mpaka usawa wa bega. Nyingi zilipakwa rangi nyeupe baada ya Vita Kuu ya Pili, na wapenzi wa nyumba hizo huitaja rangi hiyo kama watu wengine wanavyotaja ugonjwa wa ukoo. Kila Jumapili mchana, saa ambayo madalali hufungua nyumba zinazouzwa ili watu wazione, Lenore alikuwapo. Aliingia, alitazama, alitoka na kinyongo. Alijua ni nani alinunua ipi, na ni nani kati yao hakustahili. Kwa hesabu yake, karibu wote.

Rafiki yake aliitwa Karine Bagdasarian. Walikutana miaka mitano kabla kwenye foleni ya mauzo ya vitu vya marehemu. Mauzo hayo yana utaratibu wake: karatasi hubandikwa mlangoni alfajiri, kila anayefika huandika jina na namba, na mlango ukifunguliwa watu huingia kwa namba zao. Aliyechelewa hana wa kumlaumu. Siku hiyo Lenore alikuwa wa tatu, Karine wa kumi na nne, na Karine hakujua tofauti ya mwaloni na msonobari. Lenore akamfundisha. Vuta droo, tazama maungio. Geuza kiti, nusa chini yake. Karine alikuwa mwanafunzi mwepesi, mcheshi, mwenye mume, Vahe, aliyeuza matairi na aliyembebea kila alichonunua bila kuuliza bei. Lenore alimpenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi asiyemfikia mwalimu.

Mapenzi hayo yalipata ufa mwezi Februari.

Kulikuwa na mauzo katika mtaa wa jirani. Lenore alikuwa wa pili kwenye orodha, kwa kuwa alifika kabla ya magazeti. Karine alikuwa wa thelathini na moja, kwa kuwa alilala. Mlango ulipofunguliwa Lenore alikimbilia chumbani, kwenye taa aliyoichungulia dirishani. Karine, alipoingia hatimaye, alikwenda gereji kumtafutia mumewe jeki kuukuu. Nyuma ya jeki, chini ya makopo ya rangi, alikuta kabati la vyombo la mwaloni, refu kama mtu aliyelala, likiwa na bawaba za shaba zilizofuliwa kwa nyundo na chapa ya moto ndani ya droo ya kushoto. Kwa miaka ishirini na miwili Lenore hakuwahi kuliona kabati la namna hiyo nje ya jumba la makumbusho.

"Eti nimekuja kutafuta jeki!" Karine alicheka, akimpigapiga mgongoni. "Shoga, leo Mungu alikuwa amevaa miwani yangu."

"Hongera," alisema Lenore. Taa aliyoinunua ilikuwa na ufa.

Wiki iliyofuata Karine alimpigia simu.

"Lenore, mwalimu wangu. Hili kabati jeusi kama sufuria ya kuni. Nawaza nipake dawa, nikwangue hiyo vanishi, nipige msasa, litoke safi. Wewe unaonaje?"

Hapa pahitaji maelezo mafupi. Weusi ule haukuwa uchafu. Mafundi wa zamani walilifungia kabati chumbani na mabakuli ya amonia, likafukizwa kama nguo inavyofukizwa udi, mpaka mwaloni wenyewe ukageuka rangi ya asali iliyoungua. Rangi hiyo hairudishwi. Mtu akiipiga msasa, anabaki na mbao. Wakusanyaji hujifunza hilo kabla ya kujifunza jambo lingine lolote, na ndilo pekee ambalo Lenore hakuwahi kumfundisha Karine, kwa kuwa Karine hakuwahi kuwa na kitu cha kuharibu.

Lenore alisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya simu.

"Kabati ni lako, shoga," alisema.

"Ndiyo, lakini wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Si langu."

Lilikwanguliwa Jumamosi hiyo uani, nyuma ya duka la matairi. Lenore alipokwenda kuliona lilikuwa jeupe kama mfupa uliochemshwa. Alisema limependeza. Alirudi nyumbani akiimba ndani ya gari, na hakuwa mtu wa kuimba.

Mwezi Mei ilitangazwa kuuzwa nyumba ya Bi. Ottilie Haas, Barabara ya Catalpa. Baba yake aliijenga mwaka 1912, na Bi. Ottilie alizaliwa ndani yake. Miaka themanini na minne, hakuna brashi ya rangi iliyogusa hata ubao mmoja. Vigae vya meko vilikuwa vya kijani, vile vile vya tangu mwanzo. Lenore alisimama sebuleni Jumapili ile, macho yakimtoka, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na uwezo: mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita na kumwachia nyumba huko Fresno, nayo ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Karine naye alikuwapo, akiguna kwa kupendezwa kila chumba.

"Usiniambie na wewe unaitaka," alisema Lenore.

"Nani asiyeitaka? Vahe amechoka kuishi juu ya kelele za barabara." Akamgusa mkono. "Atakayeipata aipate, bibi we. Mwenzake atakuja kunywa kahawa barazani."

Zilibaki ofa mbili, ya Lenore na ya Karine, bei ile ile. Dalali, bwana mmoja mpole aitwaye Desmond Kirkeby, aliwaeleza kwamba Bi. Ottilie hataki kuongezewa dola. Anataka kumtembelea kila mmoja nyumbani kwake, aone anavyoishi na vitu.

Lenore karibu acheke. Alikuwa amejiandaa kwa mtihani huo nusu ya umri wake.

Bi. Ottilie alifika Jumanne saa tisa alasiri, mwembamba, wima, na viatu vya michezo vyeupe. Alipita upande upande mpaka kwenye kiti. Lenore alimwonyesha kila kitu: chapa hii, bawaba ile, rangi ya asili, ngozi ya asili, msumari wa asili. Mzee alisikiliza. Kila alipotaka kukiweka kikombe mahali, Lenore alikiwahi na kitambaa.

"Mwanangu," alisema Bi. Ottilie, "wageni wako hukaa wapi?"

"Sina wageni wengi."

"Naona."

Lenore alihisi jambo limeteleza, hakujua lipi. Na hapo, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka mwisho, alisema: "Kesho unakwenda kwa Karine, sivyo? Usikose kutazama kabati lake la vyombo. Lipo chumba cha chakula. Litazame vizuri, Bi. Ottilie. Litakueleza jinsi anavyotunza vitu vya kale."

"Nitalitazama," alisema mzee.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Lenore alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi Kirkeby alimpigia kazini, akamkuta na glavu mkononi.

"Bi. Pruett, pole. Amempa Bi. Bagdasarian."

"Haiwezekani. Aliliona kabati?"

"Ndilo lililomaliza maneno. Mimi nilikuwapo. Alisimama mbele yake, akaligusa, akaanza kucheka mpaka machozi. Amesema toka ana miaka sita anafuta vumbi kwenye mbao nyeusi, na mama yake hakumruhusu hata kufungua mapazia, jua lisije likaharibu rangi. Amesema, 'Kumbe ndani yake kulikuwa na mwanga wakati wote huu.'"

Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti, mdomo wazi, aligeuza macho kumtazama. Lenore alirudi kazini akakwangua, na mgonjwa akaguna mara mbili.

Jioni hiyo, jua lingalipo, Karine aligonga mlango akiwa na gata, mkate mtamu wa kwao, umefungwa kwa taulo, ungali moto. Alimkumbatia Lenore kabla hajasema neno.

"Ameniambia! Mzee ameniambia! Kwamba ni wewe uliyemtuma alitazame kabati langu. Lenore, nyumba ulikuwa unaitaka wewe kuliko mtu yeyote katika mji huu, halafu unanisifia mimi? Nilimwambia Vahe, dada wa tumbo moja asingefanya hivyo. Akalia, Vahe! Mtu wa matairi!"

"Kaa," alisema Lenore.

"Sikai, nina haraka. Sikia. Vahe amekodi mashine ya msasa, ile kubwa. Tukipewa ufunguo tu tunaanza sebuleni, kuta zote, na mihimili, na lile benchi la kando ya meko. Zote ziwe kama kabati. Mzee ametupa baraka zake. Amesema nimkaribishe aje aone."

Lenore aliuona ubao wa kwanza ukigeuka vumbi. Aliona pia kwamba hakuhitaji kufanya lolote. Angenyamaza tena, tu. Nyumba aliyonyimwa isingekuwa ya mtu. Alikaa na wazo hilo muda ambao Karine alitumia kuufungua mkate, na wazo lilikuwa tamu, na haitakuwa kweli kusema kwamba alilichukia.

"Usiziguse," alisema.

"Nini?"

"Kuta. Usiziguse. Ule si uchafu, Karine. Ile ndiyo rangi. Lile kabati lako lilikuwa na rangi hiyo hiyo, na lilikuwa zuri kuliko vyote nilivyo navyo humu, na sasa ni mbao."

Karine alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema sawa."

"Sikusema sawa. Nilisema ni lako."

Kicheko kikakauka. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na mzee? Ulimtuma alitazame ili..."

"Ili akunyime."

Basi la shule ya muziki lilipita chini. Karine alianza kuufunga tena ule mkate, pole pole, akiingiza ncha za taulo moja moja.

"Miaka mitano," alisema, "nakwambia mwalimu wangu. Mama yangu aliniambia, huyo mwanamke anakutazama mikono badala ya uso. Nikasema, mama, wewe nawe, unamwona shetani hata kwenye birika." Aliubeba mkate. Mlangoni akageuka. "Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa mbili asubuhi. Utakuja wewe mwenyewe umwambie Vahe kwa nini anarudisha mashine. Na utatuonyesha zinavyosafishwa, kuta hizo. Hukaribishwi kahawa."

Lenore alikwenda Barabara ya Catalpa. Alibeba vitambaa laini, sabuni ya mafuta, na maji ya vuguvugu. Vahe alimsikiliza, mikono mifukoni, akaipakia mashine kwenye gari. Sebule ilikuwa tupu na yenye jua, kwa kuwa Bi. Ottilie alikuwa ameyachukua mapazia au ameyatupa. Mwanga uliingia mpaka ndani ya mihimili, na Lenore ilimbidi atazame sakafu kwa muda, kwa wivu. Haukuwa umepungua hata kidogo. Alikuwa ametarajia ungepungua.

Alipiga magoti kwenye ubao wa kwanza, karibu na mlango. Karine akapiga magoti pembeni yake, mbali kwa urefu wa mkono.

"Hapa," alisema Karine, akionyesha doa jeusi. "Huu ni uchafu, au ni rangi?"

"Uchafu. Masizi ya meko."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Apa."

Lenore alimtazama. Karine hakuwa akitania.

"Haki ya Mungu, ni uchafu."

Karine akasugua. Doa likatoka, na chini yake mbao ikatokea, rangi ya asali iliyoungua. Wakasogea kwenye ubao wa pili, ambao nao ulikuwa na doa.

"Na hili?"

"Hilo ni jicho la mti, tawi lilipoota. Liache."

"Apa."

Akaapa. Sebule ile ina mbao sitini na nne kuzunguka kuta. Adhuhuri ilipofika walikuwa kwenye ubao wa kumi na moja.