Maji ya Gereji Yangu, Lawama ya Mkwe wa Jirani

Admin, lifiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadili. Nina miaka themanini na mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunificha. Ngazi siwezi tena kuzishuka, lakini kichwa kingali sawa, na vidole vinaandika polepole. Haya hayajui mtu ila mwanangu.

Kando ya nyumba yangu nilijenga gereji ndogo ya kuweka gari la mwanangu Abdalla. Juu niliipiga sakafu ya zege, bapa, na maji ya mvua yakawa yanatokea mbele kwa mlizamu, lile bomba fupi linalochomoza ukutani. Chini yake ndiyo njia ya kwenda msikitini. Mvua ikinyesha, watu waliokwisha kutawadha walirukiwa na maji machafu kwenye kanzu zao. Mwanzo walinitania. "Mwalimu, mvua ya Mungu imekatika, yako mbona haijesha?" Kisha mzaha ukaisha. Mzee mmoja alirudi kwake kubadili kanzu, sala ya jamaa ikampita, na tangu hapo salamu yangu hakuiitikia.

Dawa ilikuwa nyepesi, kuteremsha bomba ukutani mpaka kwenye mtaro. Lakini bomba lingebana mlango, na gari lenyewe liliingia kwa shida. Basi nikamwambia fundi azibe mlizamu, aongeze saruji upande wa mbele ili sakafu iinamie nyuma, kisha atoboe tundu huko. Nyuma kuna mwanya mwembamba usiopitika, baina ya gereji na nyumba ya jirani yangu, Bi Rukia, mjane. Ukuta wake ni wa matumbawe na chokaa, na chokaa hunywa maji. Hilo nililijua vizuri, nimelisomesha. Nikajiambia jua litaukausha. Ijumaa iliyofuata niliombewa dua msikitini kwa kuwajali wenye kuswali, nami nikaitikia amina pamoja na wenzangu.

Mwaka baada ya mwaka, ukuta haukukauka. Chokaa ikishiba hukaa na unyevu hata kiangazi, na upande wa ndani wa ukuta ule ndipo kilipo choo cha kuogea cha Salma, mke wa mtoto wa Bi Rukia. Unyevu ulipotokeza, Bi Rukia hakutafuta mbali. Dirisha langu na lao yanasikilizana.

"Salma, waoga wewe au waosha ndovu?"

"Mama, naoga kwa kopo. Njoo usimame mlangoni uone."

"Na ukuta wajilowesha wenyewe?"

Yule binti alifika hadi ya kwenda kuoga kwao Tononoka, akirudi na mtandio umelowa, na ukuta ukazidi kuvimba. Siku ya Idi, wageni wamekaa, bonge la lipu likaanguka kwenye sinia ya biriani. Bi Rukia akamwambia mbele za watu kwamba ameingia nyumba nzima na ataiacha gofu. Mumewe aliinamia sinia akiokota lipu. Salma akambeba mtoto wake akaenda kwa wazazi wake, na hajarudi. Jumapili hii wazee wa pande mbili wanakaa kuzungumzia talaka.

Miaka yote hiyo, kila Ramadhani, Bi Rukia ameniletea futari. Mkate wa sinia, mbaazi za nazi, vimepikwa kwenye jiko lililoegemea ukuta huo huo. Nimekula.

Wiki iliyopita alipanda kuja kunitazama. Akaketi, akanifunika miguu, akasema kama tunavyosema kwa mgonjwa, "Mwalimu, tuwiane radhi. Sisi majirani, hatukosi kukoseana. Mimi nimekusamehe yote, niyajuayo na nisiyoyajua." Kisha akangoja nimjibu. Nikamwambia, "Nami pia, Bi Rukia." Alipotoka nililia, kwa sababu kwa dakika moja nilifurahi. Niliona nimesamehewa bila kusema.

Nikamweleza Abdalla. Akasema, "Baba, fundi nitamleta Jumamosi. Tuteremshe bomba, tuzibe lile tundu, ukuta ukauke. Yakome hapo."

"Na Salma?"

"Salma na mumewe wana wazee wao."

"Wazee hao wanaamua juu ya maji yangu, Abdalla."

"Wewe utatuacha, baba. Mimi ndiye nitakayepita njia ile kwenda msikitini. Ukisema, tafuta fundi wako."

Hofu yake naijua, ndiyo iliyoniziba mdomo mimi. Abdalla ni mtoto mwema, ndiye aniogeshaye na kunilisha. Nikinyamaza, bomba litashuka, ukuta utapona, na kukauka kwake kutakuwa ushahidi dhidi ya Salma. Watu watasema, si mnaona, tangu aondoke ukuta umekauka. Nikisema, nitafia katika nyumba iliyoninunia, na mwanangu atabeba jina langu mtaani.

Mvua za masika zimeanza. Ninapoandika, nasikia maji yakiporomoka nyuma ya gereji, na mtaani hakuna anayejua yanakwenda wapi ila mimi na Abdalla. Baada ya alasiri Bi Rukia atapanda na bakuli la uji, kama kawaida yake.

Nyinyi mnaosoma, msinihurumie kwa ugonjwa. Niambieni jambo moja tu. Radhi ya mtu asiyejua anasamehe nini, ni radhi? Kama si radhi, basi nipeni neno la kuanzia, kabla sijasikia nyayo zake kwenye ngazi.