Tupokigwe na Mrija wa Kwanza

Tupokigwe alipoolewa na Musonda, Mzambia aliyekuwa akipakia mizigo stesheni ya Mpika, mama yake kule Itumba, Ileje, upande wa Tanzania, alimfungia ulezi na mirija ya kunywea pombe kwenye kanga. Mwaka wa tisini na moja huo. Mpika akakuta watu wakarimu, wacheshi, ila unywaji wao ulimshinda. Kila mtu na chupa yake, mdomo wa chupa kauziba kwa kidole gumba. Mmekaa pamoja, lakini kila mtu kivyake. Na kwa kina Musonda wanawake walinywea jikoni.

Kwao Ileje chungu ni kimoja, kinakaa katikati ya watu, maji ya moto yanaongezwa, mrija unazunguka. Na aliyepika, awe mwanamume awe mwanamke, hunywa wa kwanza mbele ya macho ya wageni. Asipoonja, wageni huinuka wakaenda zao, na jina la nyumba hiyo ndio limekwisha.

Mwaka wa pili akaja Kapasa, mjomba wa Musonda, mwenye kauli katika ukoo. Tupokigwe akampikia kimpumu, pombe ya ulezi ya kwao. Lakini Kapasa alikwishaambiwa na majirani habari za mrija. Akamwita Musonda pembeni, akasema kwa sauti ya kufika jikoni kwamba mwanamke anayetangulia wanaume kwenye pombe ni mlevi tu, na akithubutu leo, kesho atapanda treni ya Tunduma arudi kwao. Musonda akatazama viatu vyake.

Tupokigwe akatoka na chungu mbele ya Kapasa na majirani waliokuja kunywa. Akakiweka chini, akamimina maji ya moto, akapiga magoti kama heshima ya pale inavyotaka. Kisha akachukua mrija.

"Weka chini," Kapasa akasema.

"Bayama," akamjibu, maana ndivyo wajomba wanavyoitwa huko, na husemeshwa kwa wingi kwa heshima, "nikiweka chini mtakunywaje?"

"Nitakunywa. Nani kakwambia naogopa?"

"Mimi ndiye ninayeogopa. Tumbo likiwauma usiku, mtasema Mtanzania kawafanyia kitu."

Majirani wakacheka chini kwa chini. Tupokigwe akavuta mrija taratibu, akameza wote wakiona, akaufuta, akamwelekezea mgeni.

Kapasa hakuupokea. Akamgeukia mpwa wake. "Nenda kakate tiketi."

Musonda hakuinuka. Akanyoosha mkono, akauchukua mrija kwa mkewe, akanywa.

"Basi mimi sitoki hapa mpaka huyu mwanamke aondoke," Kapasa akasema.

"Kaeni, Bayama," Tupokigwe akasema. " Kitanda kipo, ugali upo. Ila pombe ya nyumba hii nitaionja mimi."

Asubuhi treni ikapiga honi, ikaelekea Tunduma. Kapasa aliisikia akiwa mezani anasubiri chai. Tupokigwe akammiminia kikombe, akachota kijiko kimoja, akaonja mbele yake, ndipo akamsogezea.