Saa Iliyogeuza Tarehe Jua Likizama

Nilifika Nyeri kwa kuzunguka. Wengine hupanda basi Mombasa jioni, na kesho yake wako mjini wanatafuta chai. Mimi nilikaa Voi, nikahamia Machakos, nikachoka na Machakos, nikaishi Thika hadi nikaanza kuwachukia majirani, kisha nikapanda lori la saruji lililokuwa likienda Karatina na zaidi. Dereva alinishusha Nyeri mvua ikinyesha. Begini nilikuwa na sweta moja isiyofaa kwa baridi ile, bisibisi zangu za saa, na kioo cha kukuzia alichoniachia baba.

Fundi mmoja karibu na soko alikuwa na kibanda chenye meza mbili. Alinipa ile ya pili. Nilikaa naye misimu kadhaa, na hadi leo nikiikumbuka mikono yake damu inanichemka.

Mikono ile haikujua kungoja. Ikiletwa saa yenye shida kwenye kile kifundo cha pembeni cha kuzungushia, yeye alishika koleo na kuvuta. Sasa, kijiti kinachotoka kwenye kifundo kuingia ndani ya saa hakitaki kuvutwa kwa nguvu. Kuna skrubu ndogo inayokifunga. Unailegeza nusu mzunguko tu, kijiti kinakuja chenyewe. Ukizidisha, kipande kinachokishika kinaanguka ndani, na itabidi ung'oe mishale na uso mzima ili ukirudishe. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Alicheka.

"Mtu wa pwani, wewe unatengeneza saa ama unaibembeleza?"

Asubuhi moja, yeye akiwa ameenda kunywa chai, akaja mzee mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, kanzu chini ya koti zito. Akavua saa mkononi. Ilikuwa ya kutia ufunguo, ya marehemu ndugu yake. Shida ilikuwa moja: kila akivuta kifundo arekebishe mishale, kinang'oka na kumbakia vidoleni pamoja na kijiti chake.

Nilipoitazama nilisahau nilipo. Ilikuwa saa nne, na mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, si kwenye kumi kama saa zote za mji. Baba yangu aliivaa yake hivyo hivyo. Mishale inakutana juu jua likizama, adhana inasikika, na kwenye kidirisha tarehe inageuka, kwa sababu kwetu siku mpya huanza magharibi. Sikuwa nimeona saa ya namna ile tangu tumzike.

"Tengeneza kijiti peke yake, mwanangu," mzee alisema. "Mishale usiguse. Watu wa huku wakiiona wanadhani imepotea."

"Haijapotea, mzee wangu. Ya baba ilikuwa hivi."

"Basi nimefika nyumbani. Ni wewe utakayeifungua?"

"Ni mimi. Nakupa neno langu."

Fundi aliporudi nilimweleza yote, neno kwa neno. Akaitikia huku akichokonoa meno. Kisha akanituma Giakanja nikamfungie mteja saa ya ukutani. Niliporudi alasiri nilimkuta ameiinamia saa ya mzee. Kijiti alikuwa amekwisha kukitengeneza, na kilishika. Angeishia hapo! Lakini alikuwa amekivuta hatua moja, hatua ya tarehe, anazungusha.

Tarehe husukumwa na jino dogo, ambalo huanza kazi mshale mfupi ukipita tisa kuelekea kumi na mbili. Ukiilazimisha tarehe wakati huo, unapigana na jino. Yeye alilijua hilo. Sikuwahi kumwona akigusa tarehe ya mtu saa tatu usiku. Ila aliangalia saa ya ukutani, akaona ni mchana, akajiona salama. Saa ya mzee haikujua habari za ukuta wake. Mshale ulikuwa umeipita tisa, na siku yake ilikuwa inakaribia kwisha.

"Acha! Mshale umepita tisa!"

"Ati tisa? Angaria ukuta, wewe. Hii imepotea masaa sita, narekebisha kila kitu."

Kitu kidogo kikalia ndani ya saa, kama ukucha ukikatika. Kwenye kidirisha tarehe ikasimama katikati, nusu ya namba moja na nusu ya nyingine.

"Nilikuambia usiguse!"

"Uriniambia nini? Ati kuna saa ya Waislamu na saa ya watu? Hii kitu ilikuja ikiwa mbaya. Na ukiulizwa utasema hivyo, kama bado unataka hiyo meza."

Nilitafuta jino kama lile kwa kila fundi mjini. Hakuna aliyekuwa nalo.

Mzee aliporudi, fundi alimkabidhi saa ikimetameta, mishale ameigeuza ifuate mji. "Mzee, tumekurekebishia mpaka masaa. Hiyo tarehe ilikuja ikiwa imekufa."

Mzee alinitazama mimi.

"Ilikuja nzima, mzee wangu," nilisema. "Huyu ameivunja, na niliyekupa neno ni mimi."

"Toka kwa kibanda yangu!"

"Natoka. Ngoja kwanza nimrudishie mtu majira yake."

Nikavuta kifundo, nikairudisha mishale inakotakiwa. Kijiti kilishika vizuri, na hilo lilinikasirisha zaidi: kazi tuliyoombwa ilikuwa imefanyika. Mzee akaivaa, akakitazama kidirisha.

"Na hii haitageuka tena?"

"Mpaka lipatikane jino."

"Kwa hiyo kila nikiangalia, ni siku ile ile mliyoivunja." Akaondoka bila kwaheri. Alisema mliyoivunja, nami nimo ndani yake.

Nikakusanya bisibisi na kioo cha baba, nikatoka mvuani. Fundi alikuwa bado ananitukania pwani yangu. Kisha ghafla sauti yake ikawa tamu. Mteja mwingine alikuwa ameingia na saa mkononi. Kabla sijafika barabarani nilisikia koleo likiokotwa mezani.