Mlango Aliouchora Yaya Feza

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu hapa Kavimvira, kando ya ziwa, ambayo hata leo naikumbuka vizuri.

Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mtaa wetu. Maji yaliposhuka watu walirudi, lakini hakuna aliyetaka kuyataja. Mwalimu mmoja, jirani yetu, akaandika kitabu juu ya mambo yale, huku akiogopa kwamba hakuna atakayekigusa. Jalada alimwomba dada yangu mkubwa, yaya Feza, aliyekuwa akichora vibao vya maduka.

Kila mtu alikuja na shauri lake: achore mawimbi, nyumba zinazoanguka, watu wanaolia. Yaya aliwasikiliza kwa upole, kisha akaketi akakisoma kitabu chote, mara nyingine akinisomea kwa sauti. Halafu akachora mlango mmoja tu wa mbao, umefungwa kwa kufuli, maji yamefika katikati yake. Juu akaandika jina la kitabu kwa herufi kubwa nyeupe. Basi.

Mwalimu akauliza watu wako wapi.

"Watu iko ndani, mwalimu," yaya akamjibu. "Umewaandika muzuri. Minye ninaonyesha tu fasi ya kuingilia."

Siku ya kukitoa kitabu, kwenye uwanja wa kanisa, watu walikuja wakasimama mbali na meza ya vitabu. Ndipo akasogea mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye tangu mafuriko hakuwahi kuitaja nyumba yake. Akakiinua kitabu, akaweka kiganja juu ya ule mlango.

"Minye mwenyewe njo nilifunga," akasema polepole. "Nilizani tutarudi mangaribi ya siku ileile."

Akamwomba mwalimu amsomee. Watu wakakaribia, mmoja mmoja, wakaketi chini kwenye vumbi. Kurasa chache tu, na wengine wakaanza kusimulia ya kwao. Sikujua kama karatasi iliyopakwa rangi inaweza kufanya vile.

Basi wewe unayetengeneza majalada kwa kompyuta, soma kitabu mpaka mwisho kwanza. Usirundike kila kitu juu ya jalada. Tafuta kitu kimoja ambacho aliyepitia mambo yale atakitambua kuwa chake, na jina lisomeke hata kutoka ng'ambo ya barabara. Mengine waachie wenye kufungua.

Mungu akutulize mkono, akupe macho ya huruma, na kazi yako imfikie yule anayeingoja.