Muzee wa Mipira ya Maji

Wakati wa utawala wa Babeleji, pale mujini Baraka kulikuwa muzee mumoja Mwislamu wa kuuza mipira ya plastiki, ile ya kupitisha maji na mafuta. Leo maduka ni mengi, lakini muuzaji wa kuuma mupira mbele ya kukupatia haonekani tena. Yeye aliukunja karibu na sikio, akaunusa, kisha akaupitisha kwenye meno. Ule mugumu ulikuwa wa petroli ya mota, ule wa katikati wa bamama ba kuuza mawese. Ukichagua kwa rangi, alikuuliza: "Mama, unanunua mupira ao kitenge?"

Siku moja ya Ramazani, binti mumoja, Pulchérie, alifika toka kijiji cha Mboko. Mama yake alikuwa amepooza, kichwa hakiinuki, maji ya kikombe yanamwangika shingoni. Angeweza kunyonya kwa mupira, lakini ule wa kwanza ulinuka petroli. Aliutema, na tangu jana alikatala kunywa.

"Baba, unionjee wenye hauna harufu."

"Mwanangu, niko nafunga. Onja we mwenyewe."

Pulchérie akaonja huu, akaonja ule. Kwa woga, alisikia petroli katika yote. Machozi yakamutoka.

Muzee akachukua mupira mulaini, akauosha, akauchovya katika kikombe cha maji. Akavuta funda, akameza, maana harufu ya plastiki inarudi kisha kumeza. Akangoja, mikono juu ya magoti.

"Huu," akasema, akiukata. "Umupelekee mama mbio. Siku yangu hii nitailipa kisha Idi."