Pambizo Nilizosafisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Daktari alinikagua mikono kabla ya kuniuliza jina. Alikuwa daktari wa mifugo upande wa Ainabkoi, na mapenzi yake yalikuwa vitabu vya kale juu ya hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Vingine vilichapwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Mimi nilitoka kiwanda cha chapa cha misheni, nilikojifunza kujalidi vitabu vya nyimbo, nikajiona fundi kamili.

"Kitabu hii mzee sana," alinionya kwa Kiswahili cha masetla. "Hapana kaza mkono."

Sikukaza. Ninyi vijana mnaodhani kitabu ni cha kupangusa vumbi tu, hamjui ukungu wa nyanda zile. Masika yakiingia niliwasha jiko la makaa mbali na rafu, nikafungua kila kitabu kwa zamu kipate hewa. Mgongo ulioachia niliubandika kwa gundi ya unga wa ngano. Picha za viroboto na macho ya nzi, zilizokunjwa mara nne, nilizikunjua kwa kisu cha mfupa. Uchafu wa karatasi niliutoa kwa chembe za mkate mkavu, nikisugua taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Vitabu vilitumwa na muuzaji mmoja wa London, rafiki wa Bwana tangu ujana wao. Nilivifuata mwenyewe stesheni ya Eldoret. Amri ilikuwa moja: fungua, safisha, panga.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kifurushi kimoja kilifika Bwana akiwa safarini kuchanja ng'ombe. Ndani mlikuwa na kitabu kidogo, na pambizo zake, ile nafasi nyeupe kandokando ya maandishi, zilijaa mwandiko wa penseli wa lugha nisiyoijua. Kule misheni, mwanafunzi aliyeandika kitabuni alichapwa. Nikaona aibu kwa niaba ya huyo aliyekichafua. Nilisugua siku mbili, kurasa zikang'aa. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Bwana aliporudi alikipekua, akakipekua tena. "Maandishi iko wapi?" Kumbe mwenye kitabu wa kwanza alikuwa fundi wa kusugua vioo vya hadubini, na pale pembeni ndipo alipoeleza siri za kazi yake. Bwana alikitaka kwa ajili ya mwandiko ule tu, ambao rafiki yake wa London alimwahidi. Hakuwa akiniuliza mimi. Nami nikanyamaza.

Aliandika barua kali, akimwita rafiki yake mwongo. Jibu lilipofika nililisoma nikiliweka kwenye faili: yule muuzaji mzee aliapa kwamba mwandiko aliuona kwa macho yake. Bwana hakujibu, na vifurushi vikakoma.

Nilimweleza mke wangu, Rael. "Sasa huyo mzee wa watu anaitwa mwongo juu yako? Si uende useme tu!"

"Atanifukuza. Tutakaa wapi?"

"Basi kaa na hiyo nyumba," akasema, akaenda kukamua.

Bwana alipostaafu na kurudi kwao, rafiki yake alikuwa ameshakufa. Kosa la mkono nimejisamehe, maana nilifundishwa hivyo. La mdomo linaniuma hadi leo.

Siku ya kuagana alinipa barua ya sifa, iliyosema mimi ni mtu wa kweli. Niliipeleka maktaba ya mjini, nilikofanya kazi hadi kustaafu. Mkubwa wa maktaba aliisoma kwa sauti, akaniuliza kama ndivyo nilivyo.

"Ndiyo, Bwana," nikajibu.